Mzabuni alifunga diski kwanza, akapanga programu baadaye: kompyuta 14 za makeshia na ada ya kila ziara

Wadau, naandika uzi huu nikiwa na hasira wala sioni sababu ya kuificha. Ofisi yetu ni ya sacco inayohudumia wenye matatu na wafanyakazi wao, karibu na Barabara ya Jogoo hapa Nairobi, nami ndiye ninayeangalia mitambo. Wiki saba zilizopita tuliletewa kompyuta nyepesi 14, zile ambazo wauzaji huziita thini klaienti, ambazo kazi yake kubwa ni kuunganisha mtu na seva, zikiwa na Windows 10 IoT Enterprise. Hati yetu ya ununuzi ilitaka mambo mawili tu: diski ilindwe isiandikike, na keshia anapowasha mashine asubuhi, dirisha la kuingia kwenye seva lifunguke lenyewe bila yeye kutafuta chochote.

Mambo hayo mawili yana mfuatano usiogeuzwa. Kichujio kinachoitwa UWF kikishawashwa, kila kinachoandikwa kwenye diski huelekezwa kwenye tabaka la muda, ambalo kwa kawaida hukaa ndani ya RAM. Faili ulilohifadhi utaliona, utalifungua na litafanya kazi, lakini mashine ikizimwa na kuwashwa, tabaka hilo limefutika na diski imerudi ilivyokuwa siku ilipofungwa. Faida yake ni kubwa kwetu sisi ambao umeme hukatika katikati ya kazi, kwa sababu Windows haiharibiki. Ndiyo maana fundi hupanga kila kitu kwanza, akajaribu kwa kuwasha upya mara kadhaa, na kufunga diski likawa jambo lake la mwisho kabla ya kufunga mkoba.

Fundi aliyetumwa kwetu siku ya Jumamosi alianza na kufunga. Baada ya hapo ndipo alipoweka njia ya mkato ya programu kwenye folda ya Startup, ambayo hufungua programu zilizomo mtu anapoingia kwenye akaunti, akatoka kwenye akaunti na kuingia tena mbele yetu, dirisha la seva likafunguka, na meneja akatia sahihi hati ya kupokea mali. Hakuna mashine hata moja aliyoizima na kuiwasha. Jumatatu saa mbili asubuhi zote 14 zilifunguka zikiwa tupu. Wanachama walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye ngazi wakiwa na makusanyo yao mkononi, makeshia hawaijui anwani ya seva, nami nilikuwa nikikimbia kutoka kwa keshia mmoja hadi mwingine nikiiandika kwa mkono. Nilipompigia mzabuni simu, alisema kosa ni letu kwa kuzizima kompyuta jioni. Tulinunua kinga ili mashine ziweze kuzimika wakati wowote, kisha tukaambiwa tusizizime.

Dawa ilikuwa fupi: kuandika amri ya kuzima kichujio, «uwfmgr filter disable», kuwasha upya, kupanga programu, kisha amri ya kukiwasha, «uwfmgr filter enable», na kuwasha upya tena. Kwa hilo tulitozwa ada ya ziara, tukalipa, kwa kuwa wanachama hawangeweza kusubiri tubishane.

Ziara hiyo ya pili ilituachia ubaya mwingine. Ili mashine iingie yenyewe, fundi aliweka AutoAdminLogon, mpangilio wa kuingia bila kuulizwa nywila, kwa kutumia akaunti ya msimamizi, sio akaunti ya mtumiaji wa kawaida, na nywila yake akaiandika wazi kwenye rejistri, hifadhi ya mipangilio ya Windows, mahali panapoitwa DefaultPassword. Nywila hiyo tulikuwa tumeiomba kwa barua mara mbili tukanyimwa. Niliisoma mwenyewe kwenye skrini ya keshia, na keshia yeyote angeweza kuisoma. Hizi ni mashine zinazopokea akiba za watu! Isitoshe, asubuhi nyingine programu hufunguka kabla mtandao haujakaa sawa, inakwama, na keshia anabaki mbele ya Windows nzima akiwa na mamlaka ya msimamizi.

Kisha ikaja shida ya mchana. Ikifika saa saba hivi, mashine mbili au tatu huganda kabisa. Nilipoendesha «uwfmgr get-config», amri inayoonyesha mipangilio ya kichujio, nikakuta tabaka la muda limeachwa kwenye kiwango lilichokuja nacho, MB 1024, ingawa kila mashine ina RAM ya GB 4, na huduma ya masasisho ya Windows haikuzimwa. Kwa hiyo kila siku mashine hupakua masasisho, tabaka linajaa, mashine inaganda, inawashwa upya, masasisho yanapotea, na kesho yake yanapakuliwa upya kwa bando tunalolilipia sisi. Njia halali ya kusasisha ipo, ni «uwfmgr servicing enable», ambayo hufungua kinga kwa ajili ya kazi hiyo tu na kuirudisha, na hudai kila akaunti iwe na nywila. Hakuna aliyeitaja wakati wowote.

Nimejaribu mashine moja kwa jukumu langu. Nilifungua kinga, nikaunda akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka, nikatumia Shell Launcher, kipengele cha Windows yenyewe, ili programu ya seva ichukue nafasi ya dawati la Windows na ijiwashe tena keshia akiifunga kwa bahati mbaya, nikazima masasisho ya kila siku, nikaongeza tabaka hadi MB 2048, nikaiwasha upya mara tano, ndipo nikafunga. Ina siku tisa sasa bila kuganda. Mzabuni alipojua, alituandikia kwamba tukigusa nyingine, dhamana ya mashine zote 14 itakuwa imekufa.

Ninachodai ni nywila za msimamizi zikabidhiwe kwa maandishi, mipangilio ya kila mashine iandikwe kwenye karatasi, na ada ya ile ziara irudishwe, kwa kuwa tulilipia kosa lao. Aliyewahi kununua mashine za aina hii hapa mjini anisaidie kwa jambo moja: mkataba wenu uliandikwa vipi kuhusu nani anaruhusiwa kufungua na kufunga diski bila kupoteza dhamana? Kikao chetu na mzabuni ni Alhamisi, na mashine 13 bado ziko jinsi alivyoziacha.