Besiboli chuoni: nafasi 18, nyota wangapi na wachapakazi wangapi?

Mwl_Makorora
Wakuu, habari za humu. Nachagua kikosi cha besiboli cha chuo, hapa Tanga. Nafasi ni 18, mashindano yako Dar, mechi 3 kwa siku 3. Wenye vipaji hasa ni 4: warushaji wawili wenye mkono wa moto na wapigaji wawili. Mazoezini wanakuja wakijisikia. Wengine wanawahi na kujituma, ila hawatishi. Watu wa soka wananiambia nibebe nyota, waliobaki nijaze tu. Mnasemaje?

Mgosi wa Raskazone
Mgosi, ya soka yaache uwanjani Mkwakwani. Kule fundi anaweza kutafutwa kila shambulizi. Huku wapigaji 9 wanakwenda kwa foleni, nyota anapata zamu 4 au 5 mechi nzima. Akiutoa mpira nje ya uwanja besi, yaani vituo vya mkimbiaji, zikiwa tupu ni pointi 1. Wakiwepo wenzake wawili ni 3. Kwa hiyo wanaomtangulia wawe watu wa subira, wanaoacha mipira mibaya ipite. Minne ikipita, mtu anakwenda besi ya kwanza bure. Usiangalie nani anapiga mbali, andika kati ya zamu 10 kafika besi mara ngapi. Akifika 4, huyo ni mali, hata kama mwili wake ni wa kijiti.

Warushaji ndiyo utaumia. Inningi moja, yaani kipindi kimoja cha mechi, humla mrushaji mirusho 15 hivi, walinzi wakiboronga inavuka 20. Inningi 9 ni kama 135. Mwongozo wa mirusho wa Pitch Smart, wa MLB (ligi kuu ya Marekani) na USA Baseball (chama cha besiboli cha huko), kwa miaka 19 hadi 22, unaishia 120 kwa siku. Ukivuka 80 unapumzika angalau siku 4. Nyota aliyemaliza nguvu Ijumaa, Jumapili ni mtazamaji. Beba warushaji 6. Wale 4 wengine wasiwe na kasi, sawa, mradi wanalenga. Asiyezidi mirusho 30 anaweza kurudi kesho yake.

Bi Daftari
Mdakaji, anayepokea mipira ya mrushaji, hamjamtaja! Anachuchumaa kila mrusho, na mavazi ya kinga juu, joto lenyewe la pwani. Beba wawili. Wapime kwa saa ya simu: tangu mpira uguse glovu yake mpaka ufike besi ya pili, mita 38.8. Sekunde 2 ni wa hali ya juu, 2.3 bado anafaa.

Mgao wangu: warushaji 6, wadakaji 2, walinzi wa ndani 5, wa nje 5. Mmoja wa ndani awe anaziba besi ya pili na ya tatu, maana aliyebadilishwa harudi tena mechi hiyo.

Mwl_Makorora
Na vyuo vya Marekani wanawabakizaje hao wa kawaida?

Mgosi wa Raskazone
Kwa pesa. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza la NCAA, shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, ukigawanywa kwa wasiozidi 27, kila mmoja angalau robo. Ukimpa nyota wote, umeminya wengine. Tena nyota wa sekondari anaweza kuchukuliwa na klabu ya kulipwa kabla hajaripoti chuoni.

Bi Daftari
Wewe huna pesa, mwalimu, una namba za foleni ya kupiga. Wapigaji wako wawili wakikosa mazoezi, washushe namba ya 7 na ya 8, zamu zao zinapungua zenyewe. Ila mrushaji usimvumilie: asiyejua ishara za mdakaji atarusha mpira wa kupinda wakati mwenzake anangoja ulionyooka, mpira unapita nyuma na mkimbiaji anasogea besi nzima bila jasho.

Mwl_Makorora
Shukrani. Jumanne naanza na saa kwa wadakaji.