Ushauri wakuu: Suzuki inakubali kwenye chupa, kwenye kinu cha lita 200 inagoma

Fundi_Mitungi: Wakuu, heshima kwenu. Niko Hyderabad, India, kiwanda cha malighafi za dawa, mwaka wa pili huu. Tunaunganisha pete mbili za molekuli kwa mmenyuko wa Suzuki: bromaidi, asidi ya boroniki, kaboneti ya potasiamu, viyeyushi ni THF na maji, kichocheo ni metali ya paladiamu iliyoshikiliwa na fosfini. Kwenye chupa ya lita 1, nyuzi 65, saa mbili kazi imeisha, mavuno asilimia 91. Kwenye kinu imefika asilimia 60 ikagoma. Tulipofungua, kuta zimeshika weusi kama sufuria iliyounguza maharage, na asidi ya boroniki nyingine imeungana yenyewe kwa yenyewe. Bosi anataka niongeze paladiamu maradufu. Bei yake mnaijua. Nifanyeje?

BintiKemia: Usiongeze kitu. Hewa mliitoaje?

Fundi_Mitungi: Tulipitisha naitrojeni juu ya kimiminika dakika 30, kama maabara.

BintiKemia: Basi ndiyo hapo. Chupani kina ni kifupi, oksijeni inatoka hata ukipuliza juu juu. Kwenye lita 200, iliyo chini haina habari kabisa na naitrojeni yako. Inakula fosfini, paladiamu inabaki haina wa kuishikilia, inajikusanya kuwa hayo masizi. Na asidi ya boroniki kujiunga yenyewe, mara nyingi ni kazi ya oksijeni hiyo hiyo. Shusha bomba hadi karibu na kitako, toa mapovu ya kutosha, paladiamu iingie mwisho.

Mzee_wa_Vinu: Binti kasema kweli, ila hiyo "mwisho" iangalie sana. Ukishapasha kila kitu hadi 65 ndipo utie paladiamu kwa mkupuo, joto lote linatoka pamoja, na THF inachemka kwenye 66. Koti la kinu, lile ganda la nje la kupozea, halipozi haraka kama beseni la barafu. Mimi ningetanguliza bromaidi, kaboneti na paladiamu, halafu asidi ya boroniki iingie kidogo kidogo kwa saa nzima.

Halafu kuna mkorogo. THF na maji yenye kaboneti hujitenga matabaka mawili. Pangaboi likizembea, hayakutani. Rudi maabara, koroga taratibu makusudi. Chupa nyingine ipashe polepole kama kinu kinavyopasha. Ya tatu iachie hewa. Itakayogoma vile vile ndiyo imekuonyesha mchawi.

Pwani_Moja: Sisi wauza Panadol tumepita kusoma tu 😂

Fundi_Mitungi: Mrejesho. Ya kukoroga taratibu ilichelewa lakini ikamaliza. Ya kupasha polepole, hakuna tofauti. Ya hewa: weusi ule ule, asilimia 58, uchafu ule ule. Nilimwekea bosi chupa mezani, akaigeuzageuza, hakusema neno. Bomba linafungwa Jumatatu. Sasa paladiamu inayobaki kwenye bidhaa naiondoaje?

BintiKemia: Anza na N-asetilisisteini au silika yenye thioli, zote zina salfa, na salfa inaishika vizuri. Kwa dawa ya kumeza, mwongozo wa kimataifa wa mabaki ya metali kwenye dawa, ICH Q3D, unaruhusu mikrogramu 100 kwa siku, kwa hiyo ulizia kwanza mgonjwa atameza miligramu ngapi ndipo upige hesabu.

Mzee_wa_Vinu: Na ukitumia mkaa kuinasa hiyo paladiamu, lile tope kwenye chujio lisikauke. Mkaa wenye paladiamu na mabaki ya THF ukikutana na hewa unaweza kujiwasha wenyewe. Lilowanishe maji kwanza, ndipo ufungue chujio.