Misukosuko ya safari wakati wa fungate: tujiandaeje?

Biharusi Mtarajiwa anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa dhati. Tutafunga ndoa Jumamosi, na Jumapili alfajiri tutaondoka kwenda fungate ya siku 10 katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Tutapanda ndege mbili za mashirika tofauti, kila moja kwa tiketi yake, na kati ya kutua kwa ile ya kwanza na kuruka kwa ya pili ipo saa moja na nusu tu. Tiketi zangu zimekatwa kwa jina la ukoo la mume wangu mtarajiwa, ingawa pasipoti yangu ina jina la baba yangu. Mwenzangu anaona kwamba kuzungumzia mizigo kupotea au mtu kuugua ni kuichuria safari. Mimi naona ukimya huo ndio unaonikosesha usingizi. Tuanzie wapi?

Karani wa Tiketi anajibu:

Dada, hongera. Nimekata tiketi za watu kwa miaka mingi, na katika maelezo yako yapo mambo mawili yanayohitaji kurekebishwa wiki hii hii. La kwanza ni jina. Jina la tiketi linapaswa kufanana na la pasipoti utakayoonyesha siku ya safari, na usitegemee cheti cha ndoa kukuokoa. Usikimbilie kubadili pasipoti sasa, kwa sababu mpya ikichelewa, huku viza yako ikiwa katika ya zamani, utajikuta huna hati mbili zinazolingana. Badili tiketi, safiri kwa jina la baba yako, na mengine yasubiri mrudi. Hakikisha pia kwamba pasipoti zenu bado zina uhai wa miezi 6 au zaidi, maana nchi nyingi hulidai hilo.

La pili ni zile ndege mbili. Tiketi zikiwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili huwahesabu kuwa abiria ambao hawakutokea, na halina wajibu wa kuwatafutia nafasi nyingine. Aghlabu mtalazimika pia kupita uhamiaji, kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, jambo linaloweza kudai viza ya nchi mnayopita tu. Saa moja na nusu haitoshi. Ombeni tiketi moja ya safari nzima, au laleni hapo usiku mmoja. Ningekuwa mimi, ningeondoka Jumatatu, kwa kuwa mtu aliyetoka harusini bila kulala ndiye anayesahau pasipoti mezani.

Mke wa Miaka Mitatu anajibu:

Mdogo wangu, sisi tulipanga nguo zetu zote katika begi moja kubwa, na begi hilo lilifika siku ya nne. Kosa letu kubwa lilikuwa kuondoka uwanjani bila kuandikisha taarifa, tukidhani kwamba simu ya kesho yake itatosha. Kabla ya kutoka, nendeni kwenye dawati la mizigo, mwandikishe, mpewe namba ya kumbukumbu, kisha mtunze kile kibandiko cha mzigo pamoja na stakabadhi za kila kitu cha lazima mtakachonunua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa, na ambalo halijafika siku 21 baada ya siku lililostahili kufika huweza kudaiwa kama limepotea.

Gawanyeni nguo, kila begi liwe na nusu yako na nusu yake. Kadi za benki pia msiziweke katika pochi moja.

Tuliumizana kwa maneno pale kwenye mkanda wa mizigo kuliko tulivyoumizwa na begi lenyewe. Usiku ule tuliafikiana kwamba likitokea jambo, mmoja atazungumza na wahudumu na mwingine atalinda vitu na kutafuta maji, na kwamba swali la nani alikosea halitaulizwa mpaka wote tumelala. Tumelishika hilo hadi leo.

Muuguzi anajibu:

Nitaongeza kuhusu afya. Dawa mnazotumia kila siku zikae katika begi la mkononi, katika vifungashio vyake halisi, pamoja na cheti cha daktari. Bebeni pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kuwa kuharisha ni ugonjwa wa kawaida sana wa wasafiri. Ikiwa nchi hiyo inadai chanjo ya homa ya manjano, mchanjwe mapema, kwani cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo ya kwanza. Na kama kuna malaria huko, homa yoyote itakayowapata hata wiki kadhaa baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo. Bima ya safari inunueni sasa, mkisoma kwanza inachokataa kulipia.

Biharusi Mtarajiwa:

Asanteni sana. Nimemsomea mwenzangu majibu yote, na aliposikia habari ya mkanda wa mizigo alinyamaza, kisha akaomba yeye ndiye azungumze na wahudumu. Jina limerekebishwa leo asubuhi. Tutaondoka Jumatatu, kwa tiketi moja.