Naomba ushauri: kulingi tawa imejaa utelezi wa kijani, klorini niweke lita ngapi?

Kijana_wa_Masese
Habari wakubwa. Niko kiwanda kimoja huku Jinja, kazi yangu ni boila na kulingi tawa, ule mnara wa kupoza maji ya mashine. Sasa hii tawa yetu imeshika utelezi wa kijani kwa zile plastiki za ndani maji yanakoshukia, ukipitisha kidole ni kama umeshika mlenda, na chila, mashine ya baridi inayotumia maji hayo, imeanza kupandisha presha kila mchana jua likiwaka. Maji yote kwenye sistimu ni kama kyubiki mita 60. Nataka niipige dozi moja kubwa ya klorini Jumapili usiku iishe kabisa. Swali langu ni moja tu, lita ngapi? Usingizi sina.

Boda_Mstaafu
Weka waragi jerikeni mbili, hao wadudu watalewa waanguke wenyewe 😂

Mama_Tororo
Pole mwanangu. Hata mimi tanki langu la juu ya nyumba lina kijani hivyo hivyo, lile la lita elfu moja, fundi aliniambia niweke jiki nikaogopa kwa sababu ya watoto. Niweke kiasi gani?

Fundi_Boila
Hesabu ni rahisi kaka. Ukitaka milligramu 5 za klorini kwa kila lita, kyubiki 60 zinahitaji gramu 300. Hypo, yaani klorini ya maji, ya asilimia 10 ina kama gramu 100 kwa lita, basi ni lita 3 tu. Lakini hiyo ni kwa maji masafi, huo utelezi utaila klorini yote kabla haijafika chini, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo huku unapima mpaka ikae. pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, ni ngapi? Na kabla mlikuwa mnatumia dawa gani?

Kijana_wa_Masese
pH ni 9.1. Zamani kuna watu walikuwa wanaleta dawa mbili, bromini na nyingine ya kupishanisha nayo, bosi akasema ni ghali tukabaki na hypo peke yake.

Fundi_Boila
Aah, hapo ndipo kwenye shida. Kwa pH 9.1 klorini yenye nguvu ya kuua ni kama 2 au 3 katika kila 100 unayoweka, ingekuwa 7.5 ni nusu kwa nusu. Ndiyo maana waliwapa bromini, yenyewe hata kwa 9 bado inauma. Na ile nyingine labda ilikuwa isothiazolinoni au glutaraldehaidi, hizo zinafanya kazi polepole, ukiweka unafunga blodauni, pale maji ya tawa yanapomwagwa nje, masaa kadhaa isije ikamwagika kabla haijafanya kazi. Klorini peke yake inaishia juu ya utando, wale wa chini wanakucheka, wiki mbili uko pale pale. Kipimo cha mwisho cha klorini kilisoma ngapi? Na kwa nini lazima iwe Jumapili?

Mlokole_Mbale
Jumapili ni siku ya ibada ndugu yangu. Kazi ya usiku wa Jumapili haina baraka, mimi nimeona mengi.

Nesi_Mstaafu
Mimi naomba niulize, nani anaingia kuosha hiyo tawa? Maana ule mvuke wake si wa kuchezea. Mwaka 1976 wanajeshi wastaafu walikutana hoteli moja Philadelphia, Marekani, wakaanza kuugua mapafu, zaidi ya 25 wakafa na madaktari hawaelewi kitu, mpaka 1977 ndipo kile kibakteria kilijulikana, kikaitwa Legionella kwa jina la chama chao. Kinapenda maji ya uvuguvugu kama hayo yako na kinaingia kwa kupumua matone, si kwa kunywa. Anayeosha kwa maji ya presha avae barakoa ya N95, si kitambaa. Mume wangu marehemu alikuwa mkaidi hivyo hivyo, alipulizia kahawa dawa kifua wazi…

Msafiri_Malaba
Mama pole kwa msiba ila kijana hajajibu. Kipimo ngapi, na Jumapili kuna nini?

Kijana_wa_Masese
Sawa, nasema. Jumatano odita anakuja. Tableti za kupimia klorini ziliisha mwezi wa tatu, niliomba stoo mara mbili wakaniambia subiri. Tangu hapo kwenye rejista naandika 0.5 kila asubuhi, siku nyingine 0.6 zisifanane sana. Sijaiba kitu cha mtu. Bosi mwenyewe anasaini bila kusoma. Na hypo nimeshanunua jerikeni 8 za lita 20 kwa pesa yangu mwenyewe, kwa jamaa mmoja Kampala, kwa hivyo msiniambie nisiweke, niambieni niweke vipi.

Boda_Mstaafu
0.6 isifanane 😂😂 banange huyu apewe cheo

Fundi_Boila
Jerikeni 8 ni lita 160! Hiyo ni kilo 16 za klorini kwa kyubiki 60, zaidi ya milligramu 260 kwa lita. Utatoboa mabati ya tawa na mabomba ya shaba ya kondensa ndipo odita akukute vizuri. Na maji hayo utayamwaga wapi?

Kijana_wa_Masese
Yanaenda mtaro, mtaro unaingia kinamasi. Mafunjo yanachuja, kila mtu anajua.

Mvuvi_wa_Ziwa
Mafunjo yanachuja matope, klorini inaua kwanza. Ngege wanakulia humo humo kwenye mafunjo. Hata milligramu 0.1 kwa lita inamuumiza samaki, na wewe una 260. Watu wa NEMA, wale wa mazingira, wakija usiseme hukuambiwa.

Jicho_Kavu
Ngojeni kidogo. Anasema vipimo viliisha mwezi wa tatu. Sasa hiyo pH 9.1 aliipata wapi, kwa ndoto? Huyu ni mwanafunzi wa Kyambogo, tunamfanyia asaimenti bure.

Msafiri_Malaba
Eeh! Na hiyo kyubiki 60 imekaa kama ya kwenye mtihani kabisa.

Mama_Tororo
Awe mwanafunzi awe nani, tanki langu mmelisahau.

Kijana_wa_Masese
pH ina mita yake, ile kama kalamu. Klorini ndiyo ya tableti. Kama hujawahi kushika kazi hii nyamaza.

Jicho_Kavu
Basi piga picha ya rejista.

Kijana_wa_Masese
Niweke rejista hapa nifukuzwe kabla ya Jumatano? Wewe ndiye utalisha watoto wangu?

Fundi_Boila
Usilete picha, na mita anasema kweli, ni kifaa kingine. Fanya hivi: vaa glavu, chukua kitambaa cheusi cha pamba, dondoshea hiyo hypo, subiri nusu saa, ikiwa na nguvu kitapauka. Hypo ikikaa juani hupoteza nguvu, na ya mitaani hujui imekaa wapi. Na usije ukajaribu kushusha pH kwa kuchanganya asidi na hypo kwenye ndoo moja. Mwenzangu alifanya hivyo, ukatoka moshi wa kijani-manjano, mzito, unatambaa chini, sisi tukakimbia, yeye tulimtoa kwa kumvuta miguu. Kifua chake mpaka leo kinapiga filimbi. Tableti nunua hata kwa pesa yako, ni rahisi kuliko jerikeni 8.

Kijana_wa_Masese
Jumamosi saa nne usiku. Nimekata mguu wa suruali ya zamani, nyeusi, nikadondoshea kutoka jerikeni zote 8. Nusu saa, saa nzima. Nyeusi vile vile, hata harufu haina. Laki nne na nusu nimenunua maji. Yule jamaa simu imezimwa. Rejista iko mezani hapa mbele yangu, ya leo bado sijaandika.

Fundi_Boila
Acha wazi. Nitumie inboksi.

Mama_Tororo
Huyo wa Kampala alikuwa anauza na matanki?