Naomba ushauri: niwaonyeshe wanafunzi The General ya Buster Keaton, filamu ambayo wahakiki wa 1927 waliiponda?

Mwalimu_wa_Zamu (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na kila Ijumaa jioni nasimamia klabu ndogo ya filamu yenye wanafunzi wapatao arobaini wa kidato cha tatu na cha nne. Muhula huu tumekubaliana kutazama vichekesho vya zamani visivyo na sauti. Tulianza na filamu fupi za Chaplin, ambazo hazikunipa taabu yoyote, kwa kuwa hata babu na bibi zao wanamjua Chaplin. Filamu inayofuata katika ratiba yangu ni The General, ambayo Buster Keaton aliiongoza pamoja na Clyde Bruckman mwaka 1926, na ambayo inamhusu dereva wa treni wa Georgia, Johnnie Gray (Keaton mwenyewe ndiye anayemwigiza), anayeibiwa kichwa chake cha treni na wapelelezi wa jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akawafuata peke yake hadi nyuma ya mistari ya adui ili akirudishe.

Mambo mawili yananikwaza. La kwanza ni kwamba nilitaka kuwapa wanafunzi maoni ya wahakiki kabla ya kutazama, lakini nilipoyasoma nimechanganyikiwa, kwa sababu magazeti ya mwaka 1927 yaliiponda, ilhali vitabu vya siku hizi vinaitaja miongoni mwa filamu bora kuliko zote. Sijui niwape yapi. La pili ni kwamba mwalimu mwenzangu amenihoji, tena kwa haki, kwa nini nawaonyesha watoto wa Kiafrika filamu ambayo shujaa wake anapigania upande uliotaka utumwa uendelee. Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Naomba kuwasilisha.

Mhifadhi_wa_Picha

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Naanza na swali lako la kwanza, ambalo nimelifuatilia kwa miaka.

Ni kweli kwamba ilipofunguliwa New York mwezi Februari 1927 haikupokewa vizuri. Mordaunt Hall wa New York Times aliandika kwamba haifikii kazi za Keaton zilizotangulia. Alisifu jinsi picha ilivyoandaliwa, lakini akalalamika kwamba vichekesho ni haba. Gazeti la Variety lilikuwa kali zaidi, likaona kwamba huwezi kujenga karibu saa nzima ya kichekesho juu ya mbio za kukimbizana tu ukategemea watu wacheke. Naye Robert E. Sherwood, aliyekuwa akiandika katika jarida la vichekesho la Life, alikerwa na jambo jingine kabisa: kwamba watu wanauawa vitani mbele ya macho yetu, na kuuawa huko kunageuzwa kuwa mzaha.

Sasa, kosa ambalo wengi hulifanya, na ambalo nakusihi usilirudie mbele ya wanafunzi, ni kuwachukulia waandishi hawa kama wajinga walioshindwa kuona dhahabu iliyokuwa miguuni mwao. Waliona vizuri sana. Kila walichokilalamikia kimo ndani ya filamu. Kicheko ni haba kweli ukilinganisha na filamu zake za awali, kwa sababu Keaton anakichelewesha: anaweka mzinga nyuma ya treni, mnyororo unamnasa mguuni, mdomo wa mzinga unashuka taratibu hadi unamwelekea yeye mwenyewe, na wewe mtazamaji unabaki umeshika roho kwa muda mrefu kabla ya kupata ruhusa ya kucheka. Mbio za kukimbizana ni ndefu kweli, kwa kuwa ndizo hadithi yenyewe. Treni inakwenda kaskazini, halafu inarudi kusini kwa njia ileile, na karibu kila kilichotokea wakati wa kwenda kinarudi kimegeuzwa. Na vifo vipo. Tazama pale kwenye vita ya mwisho ambapo wapiga mizinga waliomzunguka Johnnie wanaanguka mmoja baada ya mwingine kwa risasi za mdunguaji, naye haelewi kwa nini kila anayempa amri anadondoka. Anachomoa upanga wake, ubapa wa upanga unachomoka kwenye mpini, unaruka na kumchoma mdunguaji. Mimi hucheka hapo, na kila mara najiuliza nacheka nini. Sherwood alijiuliza swali hilohilo, isipokuwa yeye alilijibu kwa kukunja uso, naye alikuwa akiandika miaka isiyozidi tisa baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hasara yake ilikuwa kubwa. Inakadiriwa kwamba filamu iligharimu karibu dola 750,000, na mapato ya ndani ya Marekani hayakufika hata dola 500,000. Baada ya filamu mbili zaidi Keaton alipoteza uhuru wake wa kutengeneza kazi kwa namna aliyotaka, akahamia kampuni ya filamu ya MGM mwaka 1928, na baadaye mwenyewe alihesabu uamuzi huo kuwa kosa kubwa la maisha yake.

Kugeuka kwa maoni kulichukua muda. Septemba 1949 James Agee aliandika makala ndefu kuhusu wachekeshaji wa filamu bubu, katika jarida jingine lenye jina hilohilo la Life, na makala ile iliwakumbusha watu kwamba Keaton yupo na yu hai. Hata hivyo, katika kura ya wahakiki ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, ya mwaka 1952, Chaplin alikuwa na filamu mbili zilizofungana katika nafasi ya pili, na Keaton hakuwemo katika kumi bora. Miaka ishirini baadaye, katika kura ya 1972, The General imo katika kumi bora na Chaplin hayumo. Ilirudi tena mwaka 1982. Mwaka 1989, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua filamu 25 za kwanza za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiwape maoni yoyote kabla. Waache watazame, waandike walichocheka na walipochoka, halafu wape Sherwood na Variety wabishane nao.

Karakana_ya_Reli

Mwalimu, mimi si msomi wa filamu. Nilifanya kazi upande wa karakana za reli kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na filamu hii nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mke wangu.

Wanafunzi wako wa Morogoro wanaijua treni ya umeme inayopita hapo, lakini kichwa cha mvuke hawakijui, na pasipo kukijua watakosa nusu ya uhondo. Tafadhali tumia dakika kumi kuwaeleza kwamba kichwa kile kinakula kuni, kinahitaji maji, na kwamba dereva hawezi kukisimamisha kama dereva wa daladala anavyokanyaga breki. Wakishaelewa hayo, wataelewa kwa nini Johnnie yuko mbioni daima: anakata kuni, hatazami nje, na jeshi zima la Kusini linarudi nyuma na lile la Kaskazini linasonga mbele nyuma ya mgongo wake bila yeye kujua.

Waonyeshe vilevile lile tukio la mataruma, yaani yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Keaton ameketi mbele kabisa ya kichwa cha treni, amekumbatia taruma moja zito, na taruma jingine limelazwa juu ya reli mbele yake. Hana muda wa kushuka. Analirusha lile alilolikumbatia juu ya ncha ya lile lililolala, nalo linaruka nje ya njia. Hakuna ujanja wa kamera hapo. Angekosa kwa kiasi cha kiganja, treni ingeacha njia naye akiwa mbele yake. Na kule mwanzoni anapoketi kwa huzuni juu ya mkono wa chuma unaounganisha magurudumu, kisha treni inaondoka na kumpandisha na kumshusha bila yeye kuzinduka, sisi watu wa karakana tulikuwa tukisonya kwa hofu, maana magurudumu ya mvuke huweza kuteleza na kuzunguka kwa kasi ghafla wakati wa kuondoka, na hapo mtu hasalimiki.

Daraja linaloungua na treni inayotumbukia mtoni ni vya kweli pia. Walipiga picha hiyo karibu na Cottage Grove, Oregon, mwezi Julai 1926, kwa kamera kadhaa na mara moja tu, kwa sababu kichwa cha treni hakitumbukizwi mara mbili. Chuma chake kilibaki mtoni hadi Vita Kuu ya Pili, kilipotolewa na kuuzwa kama chakavu. Baada ya treni kuanguka, mtazame jenerali wa Kaskazini aliyetoa amri ya kuvuka. Hasemi kitu. Ni uso tu. Wahakiki wanaodai kwamba filamu haichekeshi waniambie kama uso ule si kichekesho.

Bint_Mkunazini

Asalaam aleikum. Nafundisha historia Zanzibar, na nitajibu swali la pili, ambalo naona wachangiaji wamelipita kando.

Mwenzako ana haki, ndugu mwalimu, wala usimjibu kwamba ni kichekesho tu. Tukio la kweli lilitokea tarehe 12 Aprili 1862, ambapo James J. Andrews na wenzake wa upande wa Kaskazini waliiba kichwa cha treni kiitwacho General mahali paitwapo Big Shanty, Georgia, ili waharibu reli iliyokuwa ikiwalisha askari wa Kusini. Walikamatwa, na wanane kati yao, Andrews akiwemo, wakanyongwa. Kitabu ambacho Keaton alikitumia kiliandikwa na William Pittenger, mmoja wa wapelelezi hao, kwa hiyo hadithi ya asili ilisimuliwa na watu wa Kaskazini. Keaton ndiye aliyeigeuza na kumfanya shujaa awe mtu wa Kusini, na maelezo yake yalikuwa kwamba watazamaji wasingekubali kuwaona watu wa Kusini wakifanywa wabaya, kwa kuwa wao ndio walioshindwa.

Zingatia maelezo hayo. Kufikia miaka ya 1920 Marekani ilikuwa imeshajizoesha kuikumbuka Kusini kwa huruma, na ndiyo maana kati ya lawama zote alizozitaja Mhifadhi_wa_Picha, urefu, uhaba wa vichekesho na vifo, hukuona hata moja inayouliza watumwa wako wapi. Utumwa hautajwi katika filamu nzima. Mimi wanafunzi wangu huwapeleka kwenye chumba cha watumwa pale Mkunazini, mwendo wa miguu kutoka shuleni, na wakirudi darasani hawahitaji kusukumwa ili waulize swali hilo. Ningewaonyesha filamu, ndiyo. Halafu ningewauliza: kwa nini mwanamume huyu hapigani kwa ajili ya imani yoyote? Anataka kuandikishwa kwa sababu mpenzi wake, Annabelle Lee, hataki kumwona bila sare, na anakimbiza treni kwa sababu ni yake. Keaton hamsifii mtu kwa siasa zake, lakini bendera inayopandishwa mwishoni ni ile ya Kusini, na mambo hayo mawili yamo ndani ya filamu moja.

Msimulizi_wa_Mombasa

Nakubaliana na dada wa Zanzibar. Niongeze la kiufundi kwa haraka. Haki za filamu hii zilikwisha zamani Marekani, kwa hiyo nakala zimezagaa kila mahali, na nyingi ni mbovu: picha imefifia, mwendo umeharakishwa watu wanatembea kama siafu, na muziki umebandikwa bila kujali kinachoendelea. Nina hakika baadhi ya watu wanaosema hawaipendi walitazama nakala ya aina hiyo. Tafuta iliyorekebishwa, yenye urefu wa dakika 75 hivi au zaidi kidogo, na yenye muziki wa Carl Davis au wa Joe Hisaishi.

Kuhusu maandishi ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini, mpe mwanafunzi mmoja mwenye ulimi mwepesi asimame kando na kuyasimulia kwa Kiswahili, kama wasimulizi wa vibanda umiza wanavyofanya. Usione haya, kwani maonyesho ya kwanza ya The General yalikuwa Tokyo, tarehe 31 Desemba 1926, na Japani ya siku hizo ilikuwa na wasimulizi wa namna hiyo walioitwa benshi, ambao watu walikuwa wakiwalipia kiingilio kama wanavyowalipia waigizaji. Mwonye tu huyo msimulizi wako anyamaze pale treni inapotumbukia.

Mzee_Kipara

Mimi niliitazama na sikucheka zaidi ya mara tatu. Chaplin hunichekesha na kuniliza, huyu Keaton ni uso wa jiwe tu. Naona wale wa mwaka 1927 walisema kweli, na wingi wa maprofesa hauwezi kunitekenya.

Mhifadhi_wa_Picha

Mzee, mara tatu zipi?

Mzee_Kipara

Ya mataruma. Ya yule jenerali. Na pale yule binti anapochagua kuni, anatupa moja kwa sababu ina tundu, kisha anatia kwenye tanuri kijiti kidogo kama cha kuchokolea meno, naye Keaton anamkaba shingo kisha anambusu. Hapo nilimkumbuka marehemu mke wangu jikoni.

Mwalimu_wa_Zamu (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuionyesha Ijumaa ya wiki ijayo bila utangulizi wa wahakiki. Dakika kumi za mwanzo zitakuwa za kichwa cha mvuke, kama alivyoshauri mzee wa karakana, na nimempata msichana wa kidato cha tatu atakayesimulia. Ijumaa inayofuata nitawagawia muhtasari wa maoni ya Hall, Variety na Sherwood, na mwalimu mwenzangu aliyenihoji amekubali kuja kuongoza mjadala kuhusu bendera ile. Nilipomsomea maelezo ya Bint_Mkunazini alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Pittenger ametafsiriwa kwa Kiswahili.

Kama kuna mwenye nakala iliyorekebishwa ambayo naweza kuichukua Dar es Salaam au Dodoma kabla ya Alhamisi, tafadhali aniandikie faragha, kwa maana ile niliyonayo, kwa masikitiko, ni ya siafu.