Nani ashawahi kupeleka watoto wadogo kwa tamasha la muziki? Tupeane uzoefu

MamaWawili_Nax
Wadau sasa. Desemba tunatoka Nakuru tunashuka Kisumu kuona wakwe na huko kuna tamasha la muziki, baba watoto ameshaamua tunaenda sote, mkubwa ako na miaka mitano na mdogo amegonga miwili juzi tu. Mama mkwe anasema niwache watoto kwake. Mi nataka kusikia kwa wale wamewahi kuenda nao, mlifanyaje, hata kama mambo yaliharibika leta tu. Wale wa "kaa nyumbani ulee" mpite pole pole.

BabaPendo
Sisi tulienda na wa miaka minne. Kitu ya kwanza, sahau yule msanii mkubwa, kwa bango la tangazo wanaandika saa mbili usiku anapanda steji saa sita, na hapo mtoto amelala na mkono wako umekufa ganzi. Tuliingia mapema geti ikifunguliwa tu, wakati vijana wa mtaa bado wako kwa nyumba wanapiga nguo pasi. Uwanja mtupu, nyasi bado safi, jamaa wa mitambo anajaribu maiki, "cheki cheki, moja, mbili", kijana wangu akasimama hapo mbele akajibu kwa nguvu "TATU! NNE!" Jamaa akacheka, akasema tano, mtoto sita, wakaenda hivyo mpaka kumi na mbili mtoto akakwama akamwangalia mamake. Kwake hiyo ndio ilikuwa shoo yenyewe. Bendi zilizokuja baadaye hazikumtisha wala hazikumsisimua. Jua likianza kushuka tukatoka tukaenda Dunga hapo kando ya ziwa kula samaki, saa mbili usiku watu wamelala.

Kamaa_Section58
Pigia waandaaji simu kwanza uulize watoto wanalipaje. Kuna mahali wa miaka miwili aliitishwa tikiti ya mtu mzima na baunsa hasikii lolote, tukabishana mpaka foleni ikaanza kutuzomea.

NesiAkinyi
Mi ni nesi, raha zenu siingilii, lakini masikio jamani. Shirika la Afya Duniani kwa mambo ya kusikiliza muziki linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 (ndio kipimo cha sauti) kwa masaa 40 kwa wiki, mtoto 75. Sasa mbele ya spika za tamasha inafika 100 bila shida, na kila ikipanda desibeli 3 ule muda salama unakatwa nusu, hebu piga hesabu. Pamba haisaidii. Vile visponji vya kusukuma ndani ya sikio usimpe wa miaka miwili, atavitoa aweke mdomoni vimnyonge. Tafuta vile vya kufunika sikio lote, saizi ya watoto, na umvalishe nyumbani siku kadhaa kabla ya safari akizoea, maana akiviona mara ya kwanza hapo kwa umati atavirusha. Kaeni nyuma kabisa, pembeni, sio kwa laini ya spika. Na mtoto akilala kwa kelele usiseme amezoea, amechoka tu, sikio linaendelea kuumia.

Nyingine, mnatoka Nakuru kwa baridi mnakuja ziwani, huku malaria iko. Mlale kwa neti, jioni mavazi ya mikono mirefu, na homa ikimshika hata wiki mbili baada ya kurudi mwambie daktari mlikuwa Kisumu mtoto apimwe.

MkaaPweke
Mimi nasema waache kwa dani wao, yaani nyanya yao. Umelipa tikiti halafu unashinda kwa foleni ya choo ukibeba mtoto, hiyo ni raha gani?

Senje_Khayega
@MkaaPweke na hao dani hawapendi ngoma? Huku kwetu Isukha, Kakamega, watoto hawapelekwi kwa muziki, muziki ndio unawapita mlangoni. Isukuti, ngoma yetu ya asili, ikianza, zile ngoma tatu, pembe na filimbi, mtoto wa mgongoni anacheza na mamake. UNESCO wenyewe waliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, sasa utalindwaje watoto wakifungiwa kwa nyumba? Watoto wa ndugu yangu walikuja kutoka Nairobi, kale kadogo kakaanza kulia vibaya pembe ilipopulizwa, kakajificha kwa leso yangu, baada ya muda naona mguu unatoka, halafu kichwa, mwisho kako katikati ya wachezaji kanatingisha mabega. Kama mko huku Desemba 26 pitieni Mbale ya Vihiga mwone sherehe ya Wamaragoli, ni mchana na ni ya familia.

MamaMigosi
Andika namba ya simu kwa mkono wa mtoto na biro, na umvalishe rangi inayoonekana. Yangu ilikuwa hivi, baba yao alikuwa ameshika mkono, anatembea anaongea na rafiki yake, kuangalia chini ni mtoto wa wenyewe!! Mwenyewe mtoto hata hakuwa na habari, ananyonya pipi tu. Wetu tukampata kwa mama wa njugu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasaidia kufunga njugu kwa karatasi, na hakutaka kutoka kwa sababu aliahidiwa mshahara.

MamaWawili_Nax
Nimecheka mpaka baba watoto ameuliza ni nini. Sasa hicho kigari cha kusukuma mtoto nibebe ama?

BabaPendo
Wacha. Saa tisa mvua ya Kisumu ikikubali kunyesha hiyo nyasi inakuwa matope, utakibeba wewe na mtoto pamoja. Leso mgongoni, koti la mvua, uji kwa thamosi.

NesiAkinyi
Na nepi nyingi kuliko vile unafikiria, pamoja na sabuni yako, hivyo vyoo vya plastiki kufika saa nane vimeshachafuka.

MkaaPweke
Si mnaona sasa.

Senje_Khayega
Wewe njoo kwetu Khayega tukufunze kucheza kwanza.