Utafutaji wa akili mnemba umefika: bado tupange klipu kwenye mafolda?

Mkasi Butu: Wakuu, Premiere Pro, programu ya kuhariri video, tangu 2025 inatafuta klipu kwa kuangalia picha yenyewe. Unaeleza unachotaka, mtu anafungua mlango, inakuletea milango. DaVinci Resolve, programu nyingine ya uhariri, nayo inatambua sura za watu. Sasa kupanga mafolda nusu siku ni kwa ajili ya nini? Hiyo ni kazi ya karani, si ya mhariri.

Bi Tepu: Karani? Mimi ni mhariri msaidizi, kaka. Huyo mhariri wako anayejisifu, ni mimi ninayemwekea klipu mkononi kabla hajamaliza kuuliza. Chunga mdomo.

Kadi Mbili: Hizo sura kwenye Resolve ni toleo la kulipia, mkuu. Umesahau kusema.

Mkasi Butu: Bi Tepu, mbona povu? Sijakutaja.

Bi Tepu: Umetaja kazi yangu. Na nikuulize: mashine inaona mlango, sawa. Inajua ni teki ipi, yaani rudio lipi la shoti, mwongozaji aliipenda? Nani aliandika "hii ndiyo" kwenye klipu ya tano?

Mzee wa Final Cut: Haya makelele si mapya. Final Cut Pro X, programu ya uhariri ya Apple, ilipotoka 2011, badala ya folda moja klipu ikaweza kukaa chini ya maneno muhimu (lebo za kutafutia) hata kumi bila kunakiliwa. Wahariri walinuna.

Kadi Mbili: Walinuna kwa sababu haikufungua miradi ya Final Cut ya zamani, toleo la 7, mzee, si kwa sababu ya maneno muhimu. Usitugeuzie historia.

Mzee wa Final Cut: Walinuna kwa yote mawili. Nilikuwepo, wewe ulikuwa wapi?

Sauti Chini: Jamani, turudi. Mimi nabadilisha majina ya faili zote kwenye diski, natafuta kwa jina, basi.

Kadi Mbili: Umeshaziingiza kwenye programu ndipo unabadilisha? Utaamka ukute mradi mzima mwekundu, programu haioni faili hata moja. Badilisha jina la klipu ndani ya programu, faili iache ilivyo.

Sauti Chini: Nabadilisha kabla ya kuingiza, mimi si mtoto. Ukiwa na kadi tatu za kamera na kila moja ina faili yake iitwayo C0001, siku ya kuunganisha upya mradi na faili zake programu inakushikia C0001 isiyo yake. Halafu kamera ya GoPro, inayokata video ndefu vipande, ndiyo balaa: GX010034, kisha GX010035, ndipo inakuja GX020034, ambayo ni mwendelezo wa ile ya kwanza! Namba ya kipande imetangulia namba ya video. Ukipanga kwa jina, shoti moja inakatika katikati.

Mkasi Butu: Kumbe tunabishana na watu wa GoPro. Nilidhani humu kuna wahariri.

Sauti Chini: Rudia hiyo.

Bi Tepu: Ameanza na makarani, sasa GoPro. Kesho atafika kwa watu wa sauti.

Mkasi Butu: Watu wa sauti nawaheshimu.

Kadi Mbili: Sauti Chini, panga kwa tarehe ya kurekodiwa, vipande vitafuatana.

Sauti Chini: Na kama kamera mbili, saa zake hazikulinganishwa?

Mkasi Butu: Hapo mwite karani.

Bi Tepu: Karani hapokei simu yako.